Teahupo'o

Teahupo'o (hutamkwa Te-a-hu-po-o) ni kijiji cha pwani kusini-magharibi mwa kisiwa cha Tahiti, katika Polynesia ya Kifaransa, bahari ya Pasifiki. Kijiji kina wakazi wapatao 1,500. Jina hilohilo limekuwa pia jina la wimbi linalovunjika kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele yake, takriban nusu kilomita kutoka ufukoni. Wimbi hilo huhesabiwa kati ya mawimbi mazito na ya hatari zaidi duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na huachiwa watelezaji waliobobea. Mwaka 2024 mashindano ya mchezo huo katika Michezo ya Olimpiki ya Paris yalifanyika hapa, umbali wa takriban kilomita 15,700 kutoka Paris.

Mahali

Tahiti ina umbo la visiwa viwili vilivyounganishwa kwa shingo nyembamba ya ardhi: Tahiti Nui, yaani Tahiti kubwa, na Tahiti Iti, yaani Tahiti ndogo. Teahupo'o iko Tahiti Iti, katika wilaya ya Taiarapu-Ouest, kilomita 70 hivi kutoka mji mkuu Papeete. Barabara ya lami huishia hapo. Mbele ya kijiji ni pwani iitwayo Fenua Aihere, ambako watu huishi bila barabara na hufika makwao kwa mashua au kwa miguu. Nyuma ya nyumba milima ya volkeno hupanda ghafla, yenye misitu na maporomoko ya maji.

Zamani eneo hilo lilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Vehiatua, waliokuwa na nguvu katika sehemu yote ya Taiarapu. Katika jina la kijiji limo neno upo'o, ambalo kwa Kitahiti ni "kichwa". Kwa kawaida jina zima hufasiriwa kuwa ukuta au rundo la vichwa, jambo linalohusishwa na vita vya kale kati ya koo za kisiwa hicho. Watelezaji wa kigeni wamelifupisha kuwa "Chopes".

Jinsi wimbi linavyoundwa

Mawimbi ya Teahupo'o hayazaliwi Tahiti. Huzaliwa na dhoruba za bahari ya kusini, kati ya New Zealand na Antaktiki, hasa kuanzia Aprili hadi Oktoba, wakati wa baridi ya nusutufe ya kusini. Upepo mkali unaovuma siku kadhaa juu ya eneo pana la bahari huyainua maji, na nguvu hiyo husafiri siku nyingi kuelekea kaskazini. Njiani mawimbi madogo hupotea, yakabaki yale marefu yenye nafasi kubwa kati ya moja na jingine. Anayeyaona katikati ya bahari asingedhani kwamba yana hatari yoyote, kwa kuwa huinua chombo polepole na kukishusha polepole.

Katika pwani nyingi, sakafu ya bahari hupanda taratibu kuelekea nchi kavu. Wimbi huanza kugusa chini likiwa bado mbali, hupunguza mwendo, hupoteza nguvu, kisha huvunjika likiwa limechoka. Tahiti ni kisiwa cha volkeno kilichosimama kutoka vilindini, na mbele ya mwamba wa Teahupo'o bahari ni ya kina kirefu. Hivyo wimbi hufika na nguvu zake karibu zote, halafu ndani ya umbali mfupi sana hukuta matumbawe yaliyo chini ya maji kwa kiasi cha mita moja tu, na mahali pengine pungufu ya hapo. Sehemu ya chini ya wimbi hukwama ilhali ya juu inaendelea. Maji hurundikana, mdomo wa wimbi hurushwa mbele, na chini yake hubaki uwazi mkubwa wa mviringo. Uwazi huo unaweza kuitwa mvungu wa wimbi, na ndio unaotafutwa na watelezaji kutoka pande zote za dunia.

Kuna jambo la pili linaloshangaza wageni. Wimbi linapojijenga hunyonya maji yaliyo juu ya mwamba, hata usawa wa bahari mbele yake ukashuka. Mtelezaji hujikuta anashuka katika shimo lililo chini ya usawa wa kawaida wa bahari. Ndiyo sababu wimbi likitazamwa kwa nyuma huonekana kama kilima kidogo tu, na likitazamwa kwa mbele ni ukuta. Hapa kipimo cha urefu hakisemi mambo yote: wimbi la Teahupo'o linaweza kuwa fupi kuliko mawimbi makubwa ya Hawaii au Ureno na bado likawa na maji mengi zaidi katika mdomo wake. Watelezaji husema habari za unene wake kuliko urefu.

Tatu, mwamba wenyewe umepinda kama kwato la farasi. Wimbi hujikunja kuufuata, na nguvu yake hukusanyika upande wa ndani. Huvunjika kuelekea kushoto, yaani mtelezaji akielekea ufukoni huteleza kwenda mkono wake wa kushoto, mpaka afike kwenye mlango wa mwamba uitwao Hava'e. Mlango huo, kama ilivyo milango mingi ya miamba ya Polynesia, uko mkabala na mahali ambapo mito ya milimani huingia baharini. Matumbawe hayastawi penye maji matamu na tope. Kwa kuwa mlango ni wa kina, wimbi halivunjiki humo. Mashua za watazamaji, wapiga picha na waokoaji hukaa mlangoni, karibu kabisa na mvungu, na abiria wakabaki wakavu. Ni mahali pachache duniani ambapo wimbi la namna hii hutazamwa kwa karibu kiasi hicho.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea maji kupwa na kujaa kwa mita tatu au zaidi wakati wa bamvua, atashangaa kusikia kwamba Tahiti tofauti hiyo ni sentimita 30 hivi tu. Zaidi ya hayo, maji hayafuati mwezi kama kwetu: hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku kila siku, kwa kuwa Tahiti iko mahali ambapo mvuto wa mwezi karibu haufanyi kazi, ukabaki ule wa jua. Kwa hiyo kinachoamua ubora wa wimbi ni mwelekeo wa mawimbi yatokayo mbali na upepo. Asubuhi upepo mwepesi wa nchi kavu, unaoshuka mabondeni, hulainisha uso wa wimbi. Upepo wa kusini-mashariki uitwao mara'amu huleta mvua na kuuharibu uso huo. Mawimbi yakija zaidi kutoka magharibi, sehemu ya mwisho ya mwamba hufunga ghafla mbele ya mtelezaji na kumziba njia ya kutokea. Siku hizo ndizo zinazohofiwa zaidi.

Namna ya kulipanda na hatari zake

Wakati wa mawimbi ya kawaida mtelezaji hulala juu ya ubao, hupiga makasia kwa mikono kupitia mlangoni, kisha hungoja nje kidogo ya mwamba. Wimbi likija lazima apige makasia kwa nguvu mpaka mwendo wake ukaribie wa wimbi, asimame mara moja na kushuka kabla mdomo haujaanguka. Akichelewa nusu sekunde huanguka pamoja na maji. Akiwahi mno hukimbia mbele ya mvungu, asiupate. Akiisha kuingia huinama, hushika mstari wa katikati wa ukuta wa maji na kutazama tundu la mwanga mbele yake. Mara nyingi wimbi hutema ukungu wa maji uliobanwa ndani, na mtelezaji hutoka nje pamoja nao akiwa haoni kitu.

Wimbi likizidi kiasi fulani, mikono ya binadamu haitoshi kufikia mwendo wake. Hapo hutumiwa pikipiki ya maji: mwenzake humvuta kwa kamba, naye huwa amesimama tayari, miguu ikiwa imefungwa kwenye mikanda ya ubao, na huiachia kamba wimbi linapoanza kuumuka. Dereva wa pikipiki hiyo ni nusu ya kazi. Ndiye anayechagua wimbi, na ndiye anayeingia kumtoa mwenzake kati ya povu na mwamba mambo yakiharibika.

Kuanguka hapa ni tofauti na kuanguka penye mchanga. Maji ni haba, na matumbawe ni makali kama wembe. Majeraha ya kawaida ni michubuko ya mgongo, mabega na miguu, ambayo wenyeji huyasugua kwa ndimu, dawa inayouma kuliko jeraha lenyewe. Majeraha makubwa ni ya kichwa na shingo. Watelezaji wengi siku hizi huvaa kofia ngumu, na siku za mawimbi makubwa fulana zinazojaa hewa ili ziwarudishe juu haraka. Mtu aliyezamishwa anaweza kupigwa na wimbi la pili kabla hajavuta pumzi, kwa sababu mawimbi yatokayo mbali huja kwa makundi.

Mwezi Aprili 2000 mtelezaji wa Tahiti, Briece Taerea, alisukumwa na wimbi kubwa hadi kwenye mwamba, akavunjika shingo na uti wa mgongo. Alifariki siku chache baadaye. Ukilinganisha na ukali wa mahali penyewe, vifo vimekuwa vichache. Sababu mbili huonekana wazi: wasio na ujuzi huogopa wenyewe wakishaliona, na mlango wa Hava'e huwaweka waokoaji hatua chache tu kutoka penye hatari.

Historia

Watu wa Tahiti walicheza na mawimbi muda mrefu kabla ya kufika kwa Wazungu. Mwaka 1769 Joseph Banks, aliyesafiri na nahodha James Cook, aliandika jinsi alivyowaona wenyeji wa Tahiti wakibebwa na mawimbi makubwa kwa raha, wakitumia kipande cha mtumbwi wa kale. Mchezo huo kwa Kitahiti uliitwa horue. Katika karne ya 19 ulififia, pamoja na desturi nyingine nyingi zilizopingwa au kuachwa baada ya kuja kwa wamisionari, ukafufuka katika karne ya 20 kwa njia ya Hawaii.

Wimbi la Teahupo'o lilijulikana na wavuvi siku zote, kama mahali pa kupita kwa tahadhari. Katikati ya miaka ya 1980 watelezaji wachache wa kisiwani, akiwemo Thierry Vernaudon, walianza kulipanda. Mwaka 1986 Mike Stewart na Ben Severson kutoka Hawaii, ambao huteleza wakiwa wamelala juu ya ubao mfupi, walifika na kupanda mawimbi makubwa zaidi. Habari zilienea polepole. Mashindano ya kimataifa yalianza mwaka 1997, na kuanzia 1999 Teahupo'o ikawa kituo cha ligi kuu ya dunia.

Siku iliyobadilisha sifa ya mahali hapo ni tarehe 17 Agosti 2000. Laird Hamilton wa Hawaii, akivutwa na Darrick Doerner, aliingia katika wimbi ambalo hakuna aliyekuwa ameona mfano wake likipandwa. Maji yalikuwa yakipanda ukutani kwa kasi kiasi cha kutaka kumnyonya pamoja na ubao. Hamilton aliuchovya mkono wake wa nyuma majini upande wa pili wa ubao, kinyume na kawaida, ili kujizuia asipandishwe. Mvungu ulimfunika, watu mashuani wakadhani amekwisha, kisha akatokea akiwa bado amesimama. Picha ya wimbi hilo ilizunguka dunia nzima, na filamu ya Riding Giants ya mwaka 2004 hulitaja kama kilele cha historia ya mawimbi makubwa. Kabla ya siku hiyo wengi waliamini kwamba kuna kiwango cha unene wa wimbi ambacho binadamu hawezi kukipita. Mwaka 2003 Malik Joyeux, kijana wa Tahiti, alipanda jingine la aina hiyo na kupata tuzo. Alifariki mwaka 2005 akiteleza Hawaii.

Tarehe 27 Agosti 2011 dhoruba ilileta mawimbi makubwa kiasi kwamba mamlaka zilitangaza hatari nyekundu na kukataza vyombo kuingia baharini. Mashindano yaliyokuwa yakiendelea yalisimamishwa. Hata hivyo kundi la watelezaji walitoka na pikipiki za maji, na picha za Nathan Fletcher akiwa chini ya mdomo mnene kama paa la ghala zimebaki kuwa kielelezo cha siku hiyo. Mashindano yalipoendelea mawimbi yalikuwa yametulia, na Kelly Slater wa Marekani akashinda. Ameshinda hapa mara tano kwa jumla.

Wanawake

Wanawake walishindana Teahupo'o katika ligi kuu hadi mwaka 2006, kisha wakaondolewa kwa hoja kwamba wimbi ni la hatari mno kwao. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu, kwani wanawake waliendelea kulipanda nje ya mashindano. Keala Kennelly wa Hawaii alipasuka uso kwenye mwamba mwaka 2011. Alirudi, na tarehe 22 Julai 2015 alipanda wimbi lililompa mwaka uliofuata tuzo ya mvungu bora wa mwaka. Akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya mawimbi makubwa katika kundi lililokuwa wazi kwa wanaume pia. Wanawake walirudishwa katika mashindano ya ligi mwaka 2022, baada ya miaka 16. Mwezi Mei 2024 Vahine Fierro, mzaliwa wa kisiwa cha Huahine aliyealikwa tu bila kuwa mwanachama wa ligi, aliwashinda wote.

Olimpiki na mzozo wa mnara

Paris ilipopewa Michezo ya 2024, miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa iliomba kuandaa mchezo huu, ikiwemo Biarritz na Lacanau. Kamati ya maandalizi ilichagua Teahupo'o mwezi Desemba 2019. Hoja kuu ilikuwa ya kimaumbile: Julai na Agosti mawimbi ya Ufaransa huwa madogo, ilhali Tahiti ndio msimu wenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha mwaka 2020. Hakuna medali ya Olimpiki iliyowahi kugombewa mbali kiasi hicho na mji mwenyeji.

Wenyeji hawakuukataa mchezo wenyewe, ila mnara wa waamuzi. Kwa miaka mingi waamuzi walikaa kwenye mnara wa mbao uliosimikwa juu ya mwamba. Waandalizi walisema mnara huo haufikii tena viwango vya usalama, wakapanga mwingine wa alumini wenye uzito wa tani 14, choo, chumba chenye kiyoyozi na bomba la kupita chini ya maji. Mwezi Oktoba 2023 wakazi, wavuvi na watelezaji waliandamana. Walihofia kwamba kutoboa misingi mipya kungeua matumbawe, kungevuruga samaki wanaowalisha, na huenda kungebadilisha hata wimbi. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi: tangu mwaka 2014 sehemu ya bahari ya Fenua Aihere iko chini ya rahui, yaani katazo la jadi la uvuvi linaloipa bahari nafasi ya kupumzika, na jamii yenyewe ndiyo iliyoamua hivyo. Mtelezaji Matahi Drollet alikuwa msemaji aliyesikika zaidi, na ombi la kupinga mnara lilitiwa saini na zaidi ya watu 200,000 kwenye intaneti. Rais wa Polynesia ya Kifaransa, Moetai Brotherson, alifikia hatua ya kutaja ufukwe mwingine, Taharuu, kama mbadala.

Waandalizi walipunguza mnara hadi tani 9 na idadi ya watu wa kukaa juu yake. Mwanzoni mwa Desemba 2023 jahazi la kazi lilijaribiwa kupita juu ya mwamba, likavunja matumbawe mbele ya kamera. Kazi ikasimamishwa, njia nyingine ikatafutwa, na mnara ukamalizika mwaka 2024. Wanariadha wengi hawakujengewa nyumba bali walilala katika meli ya Aranui 5, uamuzi uliopunguza ujenzi kijijini.

Mashindano yalianza tarehe 27 Julai 2024 kwa watelezaji 48, nusu wanaume na nusu wanawake. Siku ya kwanza Johanne Defay wa Ufaransa, aliyekulia kisiwa cha Réunion katika bahari ya Hindi, aligonga kichwa kwenye mwamba na kushonwa. Tarehe 29 Julai mawimbi yalikua, na Gabriel Medina wa Brazil alipata alama 9.90 kati ya 10. Alipotoka kwenye wimbi aliruka hewani huku akiinua kidole, na mpiga picha Jerome Brouillet, aliyekuwa mashuani mlangoni, alimnasa akiwa kama amesimama wima angani, ubao wake ukiwa sambamba naye.

Fainali zilifanyika tarehe 5 Agosti. Kwa wanawake, Caroline Marks wa Marekani alimshinda Tatiana Weston-Webb wa Brazil kwa alama 10.50 dhidi ya 10.33, na Defay akapata shaba. Kwa wanaume, Kauli Vaast, aliyezaliwa Tahiti na kulifahamu wimbi hili tangu utotoni, alipata mawimbi mawili mazuri mapema. Baada ya hapo bahari ilitulia. Jack Robinson wa Australia alibaki akingoja wimbi la pili ambalo halikuja, na muda ukaisha Vaast akiwa na 17.67 dhidi ya 7.83. Medina alipata shaba.

Kijiji nje ya msimu

Sehemu kubwa ya mwaka Teahupo'o ni kijiji cha uvuvi, bustani na nyumba chache za wageni. Vijana hushindana kwa va'a, mtumbwi wa Kipolynesia unaofanana na ngalawa ila una mrengu mmoja upande wa kushoto. Wageni wengi wanaofika hawaji kuteleza. Hukodi mashua ya mwenyeji, hupelekwa hadi mlango wa Hava'e, na hukaa hapo wakitazama. Wenye mashua huzima injini nje ya mstari ambao wimbi huishia, na hujua kwa kuangalia rangi ya maji mbele ya mwamba ni lini kundi linalofuata linakuja.